Risasi za .375 H&H kwa kuwinda nyati: ipi itangulie chemba, ipi ifuate

Mwindaji akishakata leseni, akishalipia kitalu na mwindaji bingwa, fedha inayobaki huishia kwenye bunduki na darubini. Risasi hununuliwa mwisho, mara nyingi sanduku lolote lililokuwapo dukani siku hiyo. Kwa swala hakuna ubaya mkubwa. Kwa nyati dume wa zaidi ya kilo 700, sanduku hilo ndilo linaloamua kama mnyama ataanguka ndani ya mita 100 au ataingia kichakani na majeraha, na wafuata nyayo walazimike kumfuata humo.

Tumechagua kaliba (kipenyo cha risasi kwa inchi) ya .375 H&H Magnum kwa sababu ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi, na nchini Tanzania .375 ndiyo kaliba ya chini inayoruhusiwa kwa wanyama hatari. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo haya yanawahusu zaidi wanaowinda Selous, Rungwa, Moyowosi na vitalu vya Zambia, Zimbabwe na Msumbiji.

Holland & Holland wa London waliitoa kaliba hii mwaka 1912. Risasi yake ya kawaida ina kichwa, yaani ile sehemu inayoruka kwenda kwa mnyama, cha greni 300 (gramu 19.4), kinachotoka mtutuni kwa kasi ya mita 760 hadi 770 kwa sekunde. Nishati yake ni joule 5,700 hivi. Namba hiyo ya nishati ndiyo inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye sanduku, na ndiyo inayodanganya wengi. Kichwa kinachopasuka vipande kwenye mfupa wa bega kina joule zilezile na kichwa kinachovuka bega, kikapita moyoni na kusimama chini ya ngozi ya upande wa pili. Kwa hiyo tunalinganisha vichwa kwa namna vilivyotengenezwa, si kwa namba za sandukuni.

Maneno mawili kwanza. Risasi laini ni ile ambayo pua yake hufunguka ikigonga nyama, ikafanya jeraha pana. Risasi ngumu haifunguki kabisa. Kazi yake ni kwenda mbali, tena kwenda moja kwa moja. Kwa nyati unahitaji zote mbili, na zisitoke kwenye masanduku yaliyookotwa ovyo.

Katika laini, namba moja kwetu ni Swift A-Frame ya greni 300. Ukikikata kichwa hiki kwa msumeno kwa urefu wake, utaona vyumba viwili vya madini ya risasi vilivyotenganishwa na ukuta wa shaba katikati. Madini ya chumba cha mbele yameunganishwa na koti lake, yaani gamba la metali la nje, kiasi kwamba hayachomoki. Pua hufunguka kama uyoga hadi ukutani, kisha ukuta unazuia isiendelee. Sehemu ya nyuma hubaki nzima na inasukuma yote mbele. Kikiokotwa ndani ya mnyama, kichwa hiki huwa kimebaki na karibu uzito wake wote, hata kama kilivunja mfupa. Kasoro yake ni bei. Pia, kwa kuwa hufunguka kwa upana, hakiendi mbali kama kichwa cha shaba tupu, kwa hiyo kwa nyati anayekimbia akikupa mgongo usikitegemee.

Trophy Bonded Bear Claw, ambayo kiwanda cha Federal huipakia kwenye risasi zake za safari, inafanya kazi ileile kwa njia nyingine: nusu ya nyuma ni shaba tupu, na madini ya risasi yako mbele tu, yameunganishwa na koti. Tofauti kati yake na A-Frame porini ni ndogo. Chukua ile ambayo bunduki yako inaipenda zaidi kwenye shabaha.

Barnes TSX ni shaba tupu kuanzia pua hadi kitako, haina madini ya risasi ndani. Ina tundu puani, na ikigonga hufunguka petali nne. Petali zikikatika kwenye mfupa, shina linaendelea kwenda, na ndiyo sababu TSX huingia ndani kuliko laini nyingine zote zilizotajwa hapa. Hapo ndipo penye faida na hatari yake kwa pamoja. Nyati akisimama ubavu katikati ya kundi, TSX inaweza kumtoboa na kumjeruhi wa nyuma yake, na aliyejeruhiwa ni mnyama wa pili kwenye hesabu yako na ni hatari ya pili kichakani. Kwa dume aliyejitenga peke yake ni chaguo zuri sana. Jambo jingine: shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kichwa cha greni 300 huwa kirefu na hula nafasi ya baruti ndani ya ganda, ile sehemu ya risasi inayobeba baruti. Ile ya greni 270 inatosha, na huna ulichopoteza kwa kushuka uzito. Mtutu utabaki na shaba. Usafishe kwa dawa ya kuondoa shaba, kwani mafuta ya kawaida hayaitoi.

Hornady DGX Bonded ndiyo ya bei nafuu zaidi miongoni mwa zile tunazozikubali. Uangalie sana neno la mwisho, Bonded. DGX ya zamani haikuwa na muunganiko kati ya koti na kiini, na ililalamikiwa kwa kuachana na koti lake ndani ya mnyama. Toleo jipya lina koti nene zaidi na kiini kilichounganishwa. Kama muuzaji anakupa masanduku ya zamani kwa punguzo, mwachie. Uzuri wa DGX Bonded ni kwamba ina umbo sawa na ndugu yake ngumu, DGS, kwa hiyo mara nyingi zote mbili hupiga karibu na pahali pamoja. Kwa mtu mwenye bajeti ndogo jozi hiyo inamaliza kazi.

Norma huuza risasi za African PH zenye kichwa cha Woodleigh cha greni 350 katika .375, kwa kasi ya karibu mita 700 kwa sekunde. Ni nzito na ya polepole, nasi tunaipenda kwa vichaka vya karibu, mita 30 hadi 60, ambako nyati wengi hupigwa. Kasi kubwa katika umbali huo huifanya pua ifunguke mapema mno, wakati kichwa hakijavuka bega. Mtutu wa .375 ambao mifereji yake ya ndani huzunguka mara moja kila inchi 12, kama kawaida, unakituliza kichwa hiki bila shida, ila darubini lazima ipimwe upya, maana hakitapiga pale zinapopiga greni 300.

Nosler Partition ilitengenezwa mwaka 1948 na ndiyo iliyolieneza wazo la ukuta katikati. Sehemu yake ya mbele haijaunganishwa, hivyo humwagika na kichwa hubaki na theluthi mbili ya uzito hivi. Kwa simba na pofu ni bora. Kwa nyati itaua ikipita mbavuni, lakini kwenye bega tunaiweka chini ya tulizozitaja juu. Risasi za kawaida za koti jembamba, zenye ncha kali na greni 235 au 270, usiende nazo kabisa.

Tukija kwenye ngumu, umbo la pua ndilo jambo la kwanza. Vizazi vya wawindaji vilitumia pua ya duara, na tembo wengi wameanguka kwayo, lakini pua ya duara ina tabia ya kupinda njia ikishaingia ndani, wakati mwingine kupinduka kabisa na kwenda ubavu. Pua bapa hupasua nyama mbele yake na kuacha uwazi unaokizunguka kichwa. Mwili wa kichwa haugusi nyama kila upande, hivyo hausukumwi pembeni. Bapa hiyo iwe karibu theluthi mbili ya kipenyo cha kichwa. Ikiwa ndogo mno, faida yake hupotea. Ikiwa kubwa mno, risasi haitaki kuingia chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi ya kufyatuliwa.

Hornady DGS ina koti la chuma lililofunikwa shaba na pua bapa, na kwa bei yake hatujaona sababu ya kuilalamikia. Barnes Banded Solid ni ya shaba ya njano tupu, yenye mifereji kiunoni ili isiubane mtutu kupita kiasi. Hiyo mifereji ina maana kubwa kwa wenye bunduki za zamani za mitutu miwili: kichwa kigumu cha metali moja kisicho na mifereji kinaweza kuharibu mitutu myembamba iliyotengenezwa zamani kwa vichwa vya madini ya risasi. Mwenye bunduki ya namna hiyo aulize fundi wake kabla ya kufyatua hata moja. Tena mitutu hiyo miwili imepangwa kiwandani kwa uzito mmoja na kasi moja. Ukibadilisha risasi, ya kulia na ya kushoto hazianguki tena pamoja.

Kwa nini nyati anahitaji ngumu, ilhali laini nzuri inavuka bega? Sababu kubwa ni tumbo. Nyati aliyeshiba ana tumbo kubwa lililojaa majani mabichi yaliyosagwa na maji, na hakuna kitu kinachosimamisha kichwa kilichofunguka kama majani hayo. Baada ya risasi ya kwanza nyati hugeuka na kukimbia. Sasa unamwona kwa nyuma au kwa pembe kali, na njia ya kufika moyoni inapita tumboni. Laini itasimama humo. Ngumu yenye pua bapa itapita. Ndiyo maana mpangilio tunaoushauri ni laini moja chemba na ngumu zote ndani ya magazini. Wapo wanaotia laini mbili kwanza, na katika mbuga ya wazi hilo linakubalika, lakini kwenye miombo minene au matete ya Moyowosi risasi ya pili karibu daima inakwenda kwa mnyama anayeondoka.

Kwa wanyama wengine tutasema kwa ufupi. Simba ana ngozi nyembamba na mwili usio mzito. Mpige laini inayofunguka upesi, na ngumu zisiwepo. Kiboko akiwa nchi kavu ni kama nyati. Akiwa majini shabaha ni ubongo, na ngumu ndiyo yake. Tembo ni ngumu tupu, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Fuvu lake ni mfupa wenye vyumba vya hewa, na ukimpiga kwa mbele kichwa cha risasi husafiri karibu nusu mita kabla ya kuufikia ubongo. Kikipinda kidogo tu njiani, kimekosa.

Swali linaloulizwa kila mara ni kama .375 inatosha, au ni afadhali kupanda. Inatosha kwa nyati, kwa sharti la kichwa kizuri na mahali sahihi. Anayeweza kuvumilia teke la bunduki kubwa atapata nafasi zaidi ya usalama kwa .416 Rigby ya mwaka 1911: greni 400, mita 730 kwa sekunde, karibu joule 6,900. Ganda lake ni pana na baruti ina nafasi, kwa hiyo shinikizo ni dogo, bar 3,250 tu kwa kipimo cha Ulaya. .416 Remington inatoa kasi ileile kutoka ganda dogo kwa shinikizo linalozidi bar 4,000. Ofisini tofauti hiyo ni ya karatasi. Mchana wa Oktoba, risasi zikiwa zimelala juu ya dashibodi ya Land Cruiser, baruti iliyopata joto inawaka kwa kasi zaidi, shinikizo linapanda, ganda linanata chemba na bolti inagoma kufunguka. Hata .375 inaweza kukufanyia hivyo. Risasi zikae kivulini, ndani ya begi, na asipigwe mnyama kwa risasi iliyoachwa juani.

.458 Winchester Magnum inahitaji maelezo, kwa sababu bunduki zake ziko nyingi mikononi mwa idara za wanyamapori na wawindaji bingwa. Ilitoka mwaka 1956 ikiahidi nguvu za .470 Nitro Express, kaliba kubwa ya bunduki za mitutu miwili, greni 500 kwa karibu mita 650 kwa sekunde, kutoka ganda fupi la milimita 63.5. Ili baruti itoshe humo, ilishindiliwa. Ikikaa ghalani miaka, hasa sehemu zenye joto, baruti ile iligandamana ikawa donge, na donge haliwaki lote. Baadhi ya risasi zilitoka chini ya mita 600 kwa sekunde, na vichwa vikashindwa kufika vilipotakiwa kufika. Wengi walilaumu kaliba. Kosa lilikuwa ndani ya ganda. Risasi za .458 za viwanda vya sasa zina baruti bora na zinaaminika. Hata hivyo, ukipewa masanduku ya zamani yasiyojulikana yamekaa wapi, zitumie kwenye shabaha ya karatasi, usiende nazo kwa mnyama. Mwindaji Jack Lott alijibu tatizo hilo mwaka 1971 kwa kurefusha ganda hadi milimita 71, ikawa .458 Lott, greni 500 kwa mita 700. Chemba ya Lott inapokea pia risasi fupi ya .458 Winchester, jambo linalookoa safari mzigo wa risasi ukipotea uwanja wa ndege. Teke lake lakini ni kali mno, na mtu anayefumba macho kabla ya kuvuta triga atakuwa salama zaidi na .375.

9.3x62 ya Wajerumani, ya mwaka 1905, inaua nyati vizuri kwa greni 286. Kwa Tanzania isahau, kwani kipenyo chake hakifiki .375.

Ukishanunua, kazi haijaisha. Pima shabaha kwa mita 50, ukiegemea fimbo za miguu mitatu kama utakavyofanya porini. Piga laini tatu, iache bunduki ipoe, kisha piga ngumu tatu kwenye karatasi ileile. Vituo vya makundi hayo mawili visiachane kwa zaidi ya sentimita 5. Vikiachana zaidi, badilisha chapa ya ngumu, usibadilishe darubini katikati.

Kisha jaza magazini na uzipitishe risasi zote chemba, moja baada ya nyingine, mtutu ukiwa umeelekea kwenye tuta la kuzuia risasi na kidole kikiwa mbali na triga. Vuta bolti kwa nguvu hadi mwisho na uisukume kwa nguvu. Ganda la .375 ni refu, na anayevuta bolti nusunusu huiacha risasi mpya nyuma na kufunga chemba tupu. Angalia hasa ngumu zenye pua bapa: ukingo wake hupenda kukwama kwenye mdomo wa chini wa chemba. Bunduki za mtindo wa Mauser 98, zenye kucha kubwa inayoshika ganda tangu linapotoka kwenye magazini, huzilisha vizuri zaidi. Risasi ikikwama hata mara moja, peleka bunduki kwa fundi au badilisha risasi.

Jaribio la tatu wengi hawalifanyi. Chukua risasi moja, pima urefu wake kwa kalipa, kifaa cha kupimia milimita (ya .375 haipaswi kuzidi milimita 91.4), itie alama ya kalamu na uiweke chini kabisa kwenye magazini. Fyatua tatu zilizo juu yake, kisha itoe uipime tena. Kila teke la bunduki huzirusha risasi zilizo ndani zikagonga ukuta wa mbele wa magazini, na kichwa kisichobanwa vizuri na mdomo wa ganda husukumwa ndani. Kikiwa kimeingia zaidi ya nusu milimita, sanduku hilo halifai, kwa sababu nafasi ya baruti imepungua na shinikizo litapanda. Tazama mdomo wa ganda: uwe umekunjwa ndani ya mfereji wa kichwa, pande zote sawasawa. Kabla ya kuondoka kambini ifute chemba ibaki kavu. Chemba yenye mafuta hailishiki ganda, na nguvu yote ya baruti inaiangukia bolti.

Mahali pa kupiga hapabadiliki kwa sababu umenunua risasi ghali. Moyo wa nyati uko chini kuliko wengi wanavyodhani. Akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu, ukomee theluthi moja ya kimo cha kifua. Hapo unavunja bega na kupata moyo au mishipa mikubwa juu yake. Ukipanda hadi nusu unapata mapafu tu, naye atakwenda mbali. Tia nyingine chemba mara tu baada ya kupiga, bila kushusha bunduki begani, na uendelee kupiga kwa ngumu maadamu anaonekana na hakuna mwingine nyuma yake. Akishaingia kichakani, subiri nusu saa. Damu ya waridi yenye povu ni ya mapafu. Damu nyeusi yenye vipande vya majani ni ya tumbo, na hapo mwindaji bingwa ndiye anayeamua nani aende mbele.

Beba risasi 60: 20 za kupima shabaha, 20 laini, 20 ngumu. Risasi moja ya .375 ina uzito wa gramu 42 hivi, kwa hiyo 60 ni kama kilo 2.5, chini ya kilo 5 ambazo mashirika ya ndege humruhusu abiria mmoja. Ziwe kwenye sanduku lake la asili, ndani ya kasha lenye kufuli, mbali na bunduki. Idadi na kaliba viwe sawa na vilivyoandikwa kwenye kibali. Zote za aina moja zitoke kwenye toleo moja la kiwanda. Namba ya toleo imepigwa kwenye ubavu wa sanduku.

Porini usiziache ndani ya mkanda wa ngozi usiku kucha. Kemikali za ngozi hula shaba na kuacha ukungu wa kijani, na ganda lenye ukungu huo hunata chemba. Zitoe jioni, zifute kwa kitambaa kikavu, na yenye kichwa kilichobonyea au fataki (kiwashio cha baruti kilicho kitakoni) iliyokwaruzwa itenge kando, irudi nyumbani bila kupigwa.